Kosa Halikuwa la Sabuni

Kemunto, wewe uliyerithi mashine yangu, uliniomba nikuandikie mambo ambayo sikuwahi kukufundisha kwa mdomo. Hii ni wiki ya tatu niko nyumbani. Mke wangu amechoka kuniona nikikagua mishono ya mapazia yake, kwa hiyo ameninunulia kalamu. Sitakueleza nilivyotoka varandani nikapata chumba pale ghorofani juu ya duka la mbegu. Hayo ni majivuno, na majivuno hayajawahi kushona kifungo. Nitakueleza habari za tepu ya kupimia, jinsi nilivyoitumia vibaya miaka mingi, na mtu aliyenifundisha kuitumia vizuri nikiwa tayari na mvi.

Kazi nilianzia Suneka, kwa Fundi Ondieki, mtu mwembamba aliyeshonea watu wanene. Siku ya kwanza hakunipa mkasi. Alinipa pasi ya makaa na kuniambia nipulize. Nilipuliza wiki nzima hadi nyusi zikapungua. Mwezi wa pili ndipo akaniruhusu kushika tepu, nayo ilikuwa imekatika inchi mbili za mwanzo. Tulipima, kisha tukatoa mbili kichwani. Wateja waliotangulia kabla sijalijua hilo walipata nguo zenye nafasi ya kutosha wageni.

Fundi Ondieki alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilihusu kitambaa. Kila ubavu wa gauni tuliacha vidole vitatu vya kitambaa ndani ya mshono, wakati mafundi wengine waliacha kimoja. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kana kwamba nimetoka ng'ambo.

"Wewe si Mgusii? Usimshonee mtu wa leo. Mshonee mtu wa Desemba."

Unajua Desemba yetu. Watoto wametahiriwa, kila boma lina sherehe, na ukipita bila kula, mwenye boma atauliza una kinyongo gani naye. Mtu huingia mwezi huo akiwa na kiuno na kutoka akiwa na historia.

Sheria ya pili ilihusu mdomo. "Mteja hapimwi kwa sauti," alisema. "Unapima, unaandika, unanyamaza. Akikuuliza ni ngapi, mwambie hii rangi inamfaa."

Nilizishika sheria hizo mbili kuliko nilivyowahi kushika za kanisani. Nilipohamia Kisii mjini zilinipatia jina. Wateja wangu walikuwa makarani, manesi, walimu na wazee wa kanisa, watu wanaokaa kwenye viti kutwa na kunywa chai saa nne, saa saba na saa kumi. Kila baada ya miezi michache mmoja wao alikuwa akija na nguo kwenye mfuko wa plastiki, uso umekunjamana kwa hasira.

"Fundi, hii nguo imesinyaa. Ni hii sabuni mpya."

"Sabuni za siku hizi hazina adabu," nilikuwa nikijibu. Kisha nikafumua mshono, nikatoa kidole kimoja cha Fundi Ondieki kutoka ndani, na nguo ikakaa tena. Mteja akafurahi, sabuni ikatukanwa, na mimi nikaandika kipimo kipya kwenye daftari langu jeusi bila kusema neno. Nilijiona mtu mwenye huruma. Karani mmoja alituhumu sabuni nne tofauti kwa miaka sita, hata nikaanza kuzionea huruma hizo sabuni.

Sasa nije kwa Mwalimu Bosibori. Alifundisha hesabu katika shule ya msingi upande wa Nyakoe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kunyamazisha darasa bila kuinuka. Alikuwa mteja wangu tangu alipohamishiwa shule hiyo. Fikiria mwalimu wa hesabu ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuniuliza namba. Alikuja, akainua mikono, akatazama dari, nami nikapima. Baadaye tulizungumza juu ya mvua.

Mwaka mmoja alikuja akiwa amepungua. Alikuwa amenunua unga fulani wa majani stendi, wa kunywa na maji ya ndimu asubuhi, bila kitu kingine mpaka jioni. Katika mwezi mmoja alipoteza inchi tatu na urafiki na walimu wenzake wote. Nilimpunguzia magauni matatu. Baada ya miezi miwili aliyarudisha yote matatu, na sasa hata vidole vya Fundi Ondieki havikutosha. Mishono ilikuwa imefumuliwa na kushonwa mara nyingi hadi kitambaa kikajaa matundu kama chujio la chai. Niliongeza kipande cha rangi nyingine pembeni na kumwambia ni fasheni.

Muda si mrefu ikaja siku ambayo hakupanda ngazi. Alimtuma mtu aniite. Nilimkuta amekaa kwenye kreti ya soda mlangoni pa duka la mbegu, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, jasho linamtoka.

"Bwakire, Fundi."

"Bwakire buya, Mwalimu. Kulikoni?"

"Goti limeisha. Daktari wa mifupa anasema lazima lifunguliwe, waweke la chuma. Lakini hanigusi na uzito huu. Nipunguze kilo kumi na mbili kwanza, la sivyo niendelee hivi mpaka nishindwe kabisa kusimama." Akaligusa goti. "Mama yangu alimaliza miaka tisa kwa kiti, Fundi. Alikuwa anaita watu wamgeuze aone barabara. Mimi nitaogopa kitu kingine chochote, lakini hicho kiti siwezi."

Nikasema rangi aliyovaa inamfaa.

"Wacha hiyo. Lete daftari."

"Daftari gani?"

"Lile unaandikanga."

Nililileta. Alifungua ukurasa wake, akavaa miwani na kusoma kidole kikishuka polepole, jinsi anavyosahihisha mtihani. Kiuno: thelathini na nne. Thelathini na sita. Thelathini na tisa. Arobaini na tatu. Arobaini, mwezi wa ule unga wa stendi. Arobaini na sita.

"Ulijua," akasema.

"Mwalimu, ulisema ni sabuni."

"Na wewe ukaamini sabuni miaka kumi na mmoja?"

Watu wa duka la mbegu waliacha kupima mahindi. Kemunto, nimewahi kuunguza suti ya mtu siku ya harusi yake, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Alifunga daftari na kunipa amri, sio ombi. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi atakuja, nitampima kiuno, na nitasoma namba kwa sauti. Kwenye mizani ya zahanati yao hataki, kwa sababu nesi wa pale hutangaza kilo za watu hadi foleni ya watoto wa chanjo inageuka kutazama.

Katika siku zile nilikuwa namshonea kitenge Akinyi, afisa wa lishe, msichana kutoka upande wa ziwa aliyefanya kazi hospitalini. Alikuwa na mdomo. Alisema watu wa Kisii tunakula ugali kama tunaopakia lori. Nilimjibu kwamba kwao wanakula samaki mpaka na macho. Tulielewana. Ijumaa ya kwanza alikuwepo, amekuja kujaribu kitenge chake na kunikuta chini mlangoni nikimpima Mwalimu, nami niliposoma "arobaini na sita" kwa sauti kama ya mtu anayekiri dhambi za mwingine, akageuka.

Nilidhani atamuuliza Mwalimu anakula nini. Hakuuliza. Alivuta kiti, akakaa karibu naye pale mlangoni.

"Mwalimu, samahani. Unakulanga na nani?"

Mwalimu Bosibori alicheka, halafu kicheko kikaisha njiani. Mume wake alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Watoto wako mbali. Alikula peke yake.

"Mkono wangu haujui kupika obokima ya mtu mmoja," alisema. "Nimejaribu. Nikipima unga, mkono unamwaga wa watu wawili. Naipua, naangalia, ni ya watu wawili. Sasa nitatupa chakula? Nakula yangu. Halafu nakula yake."

Nilishika tepu shingoni nikaangalia barabarani. Miaka mitatu nilikuwa napanua magauni ya mwanamke aliyekuwa anakula ugali wa marehemu ili usiharibike, na nikailaumu sabuni.

Akinyi hakulia wala hakutoa hotuba. Alimuuliza analala saa ngapi. Mwalimu alisema hulala akishamaliza kusahihisha vitabu, na vitabu huenda na karanga na chai ya vijiko vinne vya sukari. Akamuuliza anatembea lini. Alisema tangu goti lianze kuuma hatembei, na tangu aache kutembea goti limezidi kuuma. Akamuuliza dawa ya stendi ilimsaidia nini. Mwalimu akanitazama, nami nikatazama matundu ya gauni.

"Ile dawa ilishughulika na tumbo peke yake," Akinyi alisema. "Tumbo halijajileta hapa. Limeletwa na huzuni, na usingizi mbaya, na kiti, na sukari. Tukitoa tumbo tuache hao wengine, wataenda kuliita lirudi."

Kisha akapanda juu nami, akachukua chaki yangu na kuchora duara kubwa juu ya kitambaa cha suti cha kijivu nilichokuwa nimekitandaza tayari kukata. Akaligawa kama anayenikatia patani ya gauni. Nusu, mboga: chinsaga, rinagu, sukumawiki. Robo, ugali au ndizi. Robo, maharagwe au omena au kipande cha nyama. Akaniambia nikariri nikamwonyeshe Mwalimu chini. Chaki hutoka, lakini mwenye suti alikuwa wakili na angeweza kuingia wakati wowote. Nilikariri haraka.

Mambo yalikwenda polepole, Kemunto, na hilo ndilo nataka ulishike. Mwalimu alimpa wifi yake, jirani wa boma lake, ile sufuria kubwa, akabaki na ndogo isiyoweza kubeba unga wa watu wawili hata mkono ukitaka. Hawakuwa wanaongea vizuri na huyo wifi tangu mazishi, kwa sababu za mazishi. Sufuria ilibidi irudi mara moja kwa ajili ya wageni, ikaenda tena, na katika kwenda na kurudi wakaanza kula pamoja siku tatu kwa wiki. Sukari ilishuka kutoka vijiko vinne hadi viwili, hadi kimoja, na ile wiki ya kumaliza kabisa, darasa la saba walikoma kwa ukali wake. Vitabu alivisahihisha shuleni. Asubuhi alizunguka uwanja wa shule mahali pasipo na mwinuko, mara moja, baadaye mara mbili, akishikilia fimbo ambayo kabla ya hapo ilikuwa na kazi nyingine.

Ijumaa ya kwanza ya Aprili, arobaini na tano na nusu. Juni, arobaini na nne. Siku hiyo Akinyi aliniuliza mbona mimi sipimwi. Nilisema mimi ni fundi. Mwalimu Bosibori akanivua tepu shingoni na kunipima mbele ya wateja wa mbegu.

"Arobaini na moja," akasoma kwa sauti ya paredi. "Fundi, suruali yako ina nini kiunoni?"

"Mpira," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Fundi wa nguo wa miaka thelathini, nimejishonea mpira ili nisijijue. Nikaacha chai ya saa kumi, nikaanza kusimama nikikata badala ya kukaa. Nilipungua inchi mbili na hakuna aliyepiga makofi.

Mwanzoni mwa Desemba Mwalimu alikuwa arobaini na moja. Hospitali ilimwekea siku ya goti mwishoni mwa Februari, atapimwa kwanza, uzito ukitimia ataingia. Alianza kupanda ngazi zangu, akipumzika katikati, na alifika juu akitabasamu kama amefika Nairobi.

Halafu Desemba ikaja na mabavu yake. Wapwa wake watatu walitahiriwa. Shangazi hawezi kukosa, na shangazi hawezi kukataa sahani. Alikula Nyamira, akala Keroka, akala kwa wifi, na Krismasi akala kwao.

Ijumaa ya kwanza ya Januari aliinua mikono, akatazama dari. Nilizungusha tepu. Arobaini na tatu.

Nilimwangalia usoni. Alikuwa amefumba macho na midomo ikimwenda, nadhani anaomba. Na mimi, baada ya yote niliyoyaona, mdomo wangu ukafanya kile ulichofundishwa Suneka. Ukatoa mbili.

"Arobaini na moja," nikasema.

"Kweli?"

"Rangi hiyo inakufaa."

Alifurahi mpaka akanunulia watu wa duka la mbegu soda. Aliniambia kama Desemba haikumfanya kitu, basi mwili umeshazoea, haina haja ya kujibana sana. Februari nilisafiri kwa mazishi ya shemeji yangu, Ijumaa ya kwanza ikanipita, na kusema kweli nilifurahi kusafiri. Nilijua namba iko wapi.

Alirudi kutoka hospitalini siku mbili kabla ya mwisho wa Februari. Alipanda ngazi bila kupumzika, kwa hasira, na goti lile. Uzito haukutimia. Nafasi yake amepewa mtu mwingine, asubiri hadi Agosti.

"Nipime," akasema.

Nilipima. "Arobaini na tatu na nusu."

"Na Januari ilikuwa ngapi?"

Wewe ulikuwepo, Kemunto, ulijifanya unatafuta pini. "Arobaini na tatu," nikasema.

Nilitarajia sauti ya darasani. Haikuja. Aliongea chini sana.

"Mume wangu alikuwa anaumwa tumbo miezi minane. Nikimuuliza, anasema niko sawa, ni gesi tu. Hakutaka nipate wasiwasi. Siku nilijua ukweli, ilikuwa imebaki wiki mbili. Fundi, ungeniambia Januari, ningekuwa na wiki saba za kupambana. Mnanipenda vibaya nyinyi wanaume."

Nililia, sitaficha. Mzee mzima, pini mdomoni. Niliomba msamaha, kisha nikafungua daftari, nikakata ile arobaini na moja mbele yake, nikaandika namba ya kweli kwa kalamu nyekundu na kutia sahihi. Alisimamia kazi hiyo kama mwalimu, akanionyesha mahali ambapo sahihi haikusomeka.

Machi tulianza upya na akili ya Desemba. Akinyi hakumgombeza. Alimuuliza tu, kwenye sherehe unakaa wapi? Mwalimu alikuwa anakaa meza ya jikoni, mahali sahani zinapopita. Akaanza kukaa na bibi vizee, ambao huonja kijiko na kuongea saa tatu. Alipokwenda kwa watu alibeba kikapu cha chinsaga alichopika mwenyewe, akapakua hicho kwanza. Nyama alichukua kipande kimoja na kukisifu kwa sauti hadi mpishi akaona haya kumwongeza. Sifa hazina mafuta. Hakuna mwenye boma aliyewahi kuuliza ana kinyongo gani.

Agosti goti lilifunguliwa. Nilikwenda kumwona wodini, nikamkuta anamfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili kugawanya desimali.

Watu hudhani hadithi huishia hapo. Nami nilidhani. Lakini kuna miaka miwili baada ya hapo, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Kupunguza ni kama kushona, una siku ya kumaliza. Kukaa pale pale ni kama kupiga pasi, kesho nguo imekunjamana tena. Kila Ijumaa ya kwanza alikuja. Thelathini na nane. Thelathini na nane na nusu. Thelathini na nane. Wakati mwingine wifi naye alikuja kupimwa, wakabishana ngazini juu ya chumvi. Wateja wengine wakaanza kuomba wasomewe namba. Yule karani wa sabuni nne alisikia yake, akakaa chini, akaomba maji.

Halafu macho yangu yakaanza kukataa mambo ya karibu. Uzi haukuona tundu la sindano. Kateni nyinyi, nikasema, mimi nimemaliza.

Siku ya kuniaga mlinunua keki ile nyeupe, na ilikuwa Ijumaa ya kwanza. Mwalimu alipanda ngazi, akapewa sahani yake, akala nusu. Kisha akainua mikono na kutazama dari. Mlisimamisha mashine zenu. Nilizungusha tepu, nikaisogeza hadi puani ili nisome. Nilisoma mara mbili. Mke wangu alikuwa ananikonyeza kutoka upande wa pili wa keki, maana ni siku ya sherehe.

"Thelathini na tisa na nusu," nikasema kwa sauti. "Imepanda inchi moja na nusu, Mwalimu."

"Desemba?"

"Desemba iliisha zamani. Ni wewe."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mwalimu Bosibori akanipa sahani yake yenye nusu ya keki.

"Mbuya mono, Fundi," akanishukuru.

Akatoa viatu vya raba kwenye mkoba, akaketi kwenye kiti changu, akainama na kufunga kamba mwenyewe, kushoto na kulia. Nikamwambia kutoka hapa hadi Nyakoe ni mbali, apande gari.

"Najua ni wapi. Si ndio nyumbani?"

Alishuka. Nilitoka na keki mkononi nikasimama kwenye ukuta wa ngazi. Macho yangu hayasomi tena namba za tepu, lakini ya mbali nayaona vizuri kuliko nyinyi. Nilimwona akivuka barabara, akipita wauza ndizi, akishika njia ya kupanda. Nilimfuata kwa macho muda mrefu, nikitazama miguu yake, na sikuweza kujua ni goti lipi lililofunguliwa.